Uzi Mweusi kwenye Kona ya Karatasi

Area 25, Lilongwe
2 Aprili 2001

Papa Lwaboshi,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Orpa na wote wa nyumbani. Kabla hujauliza "huyu tena ni nani?", acha nijitaje. Ni Mathilde, wa kule chuoni Bukavu, mwaka wa pili hesabu, darasa tulilokuwa tukiliita promosheni ya 1996. Yule mwembamba aliyekuwa akikaa kwenye ngazi za ofisi yako akinakili kwa mkono silabusi, yale masomo yaliyochapwa aliyotuuzia Profesa Hubert, kwa sababu hakuweza kuinunua. Ulikuwa unaniruka na mafaili yako ukisema, "We mtoto, siku moja nitakukanyaga na serikali haitaniuliza."

Siku hizi hungeweza kuniruka. Nimenenepa, nimeolewa na Dany, naitwa Mama Douce, nauza mandazi karibu na soko. Jumapili naimba kwaya, na ni Ketsia wa kwaya yetu njo aliniletea habari zako. Alirudi kutoka kambi ya Dzaleka na blauzi mpya. Nikamwuliza nani ameishona. Akasema, "Kuna mzee mmoja kule, anaongea kuliko mashini yake. Zamani alikuwa karani wa alama kwenye chuo cha Bukavu." Nikajua ni wewe.

Papa, nina ombi. Hapa kuna chuo cha walimu cha kanisa. Mwaka huu watapokea wakimbizi wanne, wanne tu, kila mmoja alete ushahidi wa masomo aliyofanya kwao. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Karatasi zangu zote zilibaki Bukavu vita vilipoingia, na nyumba yenyewe nasikia haina hata paa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika alama zetu. Naomba uniandikie barua na kuweka sahihi, kwamba nilisoma kule miaka miwili.

Usinipambe. Andika kweli: kwamba kwenye hesabu za Profesa Hubert nilipata tano kwa ishirini, nikaanguka mwaka. Kwa hiyo sikuomba sehemu ya hesabu. Nimeomba ufundi wa nyumbani, upishi na ushoni. Nilidhani nazijua hesabu, kumbe nilikuwa najidanganya. Zile tano zilinitia adabu.

Barua hii anayo Nyandwi, yule Mrundi anayeleta nyanya hapa kutoka kambini kwenu kila Jumanne na Ijumaa. Jibu lako mpe yeye.

Binti yako,
Mathilde


Dzaleka
14 Aprili 2001

Mama Douce,

Barua yako imefika ikinuka nyanya. Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza bila miwani, nikadhani nimeshtakiwa. Ya pili kwa miwani, nikacheka mpaka Orpa akaja kuangalia kama nimekatika kitu.

Ni mimi kweli. Mgongo hauko, meno mawili hayako, lakini mwenyewe iko. Mwaka 1996 wengine walikimbia na godoro, wengine na mbuzi. Mimi nilitoka Bukavu na kichwa cha cherehani juu ya kichwa changu. Vichwa viwili, na chenye akili kilikuwa kile cha chuma. Ndicho kinatulisha. Nashona masketi ya kwaya, sare za shule, na suruali za wanaume wanaodai kiuno chao hakijabadilika tangu Uvira.

Lakini usinidharau, nimepanda cheo! Kanisa limeleta hapa kambini masomo ya chuo kikuu kwa njia ya posta. Nafasi ni kumi na mbili, walioomba ni themanini na wanne, na mtihani ni mwezi wa saba. Mzee Nduwayo, mwenyekiti wa kamati ya masomo hayo, alisimama mbele ya watu akasema, "Tutafute mtu anayejua mitihani inavyokwenda." Vidole vyote vikanielekea. Tangu siku hiyo nimekuwa mzuri wa sura. Watu wasioniamkia tangu 1998 wananiamkia. Juzi mmoja alinisalimia na kuku. Kuku nilimrudisha, ingawa Orpa alimtazama akiondoka kama mtu anayemsindikiza ndugu kituoni.

Cadeau, binti yetu, naye ameomba. Watu wanasema, "Huyo amepita tayari, papa yake iko ndani." Nakanusha, ndiyo. Ila nimejisikia nikikanusha kwa sauti ndogo.

Sasa ombi lako. Mama Douce, umri huu ni wa kusahau. Una hakika ilikuwa tano? Na kwa nini uende kwenye ushoni? Ushoni una watu wake, sisi tulioshindwa mambo mengine. Ngoja nitafute maneno yanayofaa, nitakuandikia.

Msalimie Dany. Na Douce mwambie kuna babu Dzaleka, mbaya wa sura lakini anashona gauni.

Lwaboshi


Area 25
27 Aprili 2001

Papa,

Aksanti kwa kunichekesha. Nimemsomea Dany habari ya kuku, ameimaliza kwa machozi.

Ndiyo, nina hakika ilikuwa tano. Nilisimama mbele ya ile orodha ukutani mpaka mlinzi akaniambia, "Mama, hata ukiiangalia mpaka Krismasi haitabadilika."

Nataka ujue naharakisha kwa nini. Unamkumbuka Jules wa darasa letu? Yule aliyekuwa ananunua silabusi mbilimbili ili profesa asimsahau. Sasa yuko Area 23, anatengeneza diploma. Mihuri anaichonga kwenye soli ya kandambili. Alikuja kunionyesha yangu, ameshaiandaa bila kuombwa. Chui wa muhuri wa nchi yetu ametoka kama paka anayepiga chafya. Ananiambia, "Mathilde, nimekupa distinction. Usinishukuru." Nikamwambia hata shule yenyewe haikunipa. Akasema, "Njo maana shule ilikufa, mi ningali hai."

Watu watatu wa mtaa huu wamechukua za kwake. Mimi sitaki. Nikiingia na kitu kile, kila mlango ukigongwa nitadhani wamekuja kuniondoa. Msajili wa chuo, Mayi Kachipande (huku "mayi" ni mama), ni mtu mkali mwenye miwani ya mnyororo. Amesema barua ya mtu aliyefanya kazi kwenye ofisi ya chuo chetu cha Bukavu itatosha. Juzi nilikwenda hadi Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, karatasi yangu ya ukimbizi ikagongwa muhuri. Kila kitu kipo. Imebaki wewe tu.

Mistari mitano, Papa. Hata minne.

Mathilde


Dzaleka
9 Mei 2001

Mama Douce,

Nisamehe. Kwaya ya Wapentekoste imeleta masketi ishirini na mawili, yote ya marinda. Halafu kalamu iliisha. Halafu nikapata kalamu, karatasi ikaisha. Naona unavyokunja uso. Uso huo huo ulikuwa nao kwenye ngazi.

Nisikilize jambo moja. Kabla ya tarehe 30 Juni, nenda kwa huyo Mayi, ubadilishe ombi lako. Acha upishi. Omba hesabu. Usiniulize kwa nini. We fanya tu, kama mtoto anayetii mzee wake.

Barua itakuja.

Lwaboshi


Area 25
18 Mei 2001

Kwa Bwana Lwaboshi,

Nimeelewa sasa. Kosa ni langu. Nimekaa Malawi muda mrefu, nikasahau desturi ya ofisi zetu. Karani wa kwetu akinyamaza hajakataa. Anangoja. Dany aliniambia tangu mwanzo, nami nikambishia: "Papa Lwaboshi si mtu wa namna hiyo."

Nimempa Nyandwi kilo mbili za sukari, na kitenge kwa ajili ya Mama Orpa. Ni kidogo, ni maharage ya batoto, kama makarani wa kwetu wanavyoiita hongo, lakini ndicho nilicho nacho. Kuhusu kuomba hesabu, naona huo ni mzaha, na kwa kweli haukunichekesha.

Naomba barua kabla ya 30 Juni.

Mathilde


Dzaleka
21 Mei 2001

Mama Douce,

Salamu mingi. Mi siandikake barua. Ni Cadeau njo anaandika, mi nasema. Nimemwambia aandike sawa vile nasema, asiongeze Kifaransa.

Sukari ilifika. Kitenge ni muzuri sana, aksanti. Lakini muzee amekataza tuguse. Ameweka sukari juu ya mashini, anaiangalia sawa bantu banaangalia maiti. Siku mbili hashone. Nsima, ile bugali ya huku, anakula nusu. Bamama ba kwaya banakuja kuuliza masketi, anabaambia bakuje kesho. Nikamuuliza, "Baba Cadeau, unagonjwa nini?" Anasema, "Ni ile sukari." Nikamuambia basi twende kliniki, banapima sukari bure siku ya ine, Alamisi. Akacheka kidogo, halafu akalia. Miaka makumi mbili na sita ya ndoa, sikuonake ile.

Leo asubui amefungua sanduku ya mapatroni, zile karatasi zetu za kukatia manguo. Anazitandika chini zote, anazipanga, anazipangua, sawa mutu anatafuta njia. Nikainama nione. Kwa karatasi ya mukono wa blauzi, pale pa kwapa, kumeandikwa jina yako.

Mama Douce, kwa nini jina yako iko kwa kwapa ya blauzi yangu?

Ni mimi Mama Orpa


Dzaleka
23 Mei 2001

Mama Douce,

Sukari nimekurudishia, na kitenge pia. Orpa amekisindikiza hadi barabara ya lami. Sikuwa nangoja sukari. Lakini wewe, mtu uliyekaa miaka miwili mizima bila kununua silabusi, umenunua sukari kwa sababu ya ukimya wangu. Hapo ndipo nilipoona nimefika wapi.

Nakueleza sasa, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Septemba 1996, karatasi yako ya hesabu ilisahihishwa na msaidizi wa Profesa Hubert, kijana mwaminifu. Ulipata kumi na tano kwa ishirini, wa pili katika darasa zima. Niliandika kumi na tano hiyo kwa mkono wangu kwenye grili, ile karatasi kubwa ya alama, pana kama meza, inayotiwa sahihi na wakubwa wote sita. Watano walikuwa wameshatia sahihi. Wa sita alikuwa safarini Goma.

Ndipo Profesa Hubert akaniita. Mbele yake alikuwa na orodha yake, si ya alama, ya walionunua silabusi. Pembeni ya jina lako palikuwa peupe. Hakugomba. Alisema, "Huyu binti anawafundisha wenzake kunakili. Mwaka kesho nitamwuzia nani?" Kisha akatazama nje, akauliza kana kwamba ni habari nyingine kabisa, "Lwaboshi, mkeo bado anashona kwa sindano ya mkono?" Mama yake profesa alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, akaacha cherehani. Hakuongeza neno. Wakubwa hawaongezi neno.

Jumapili alasiri nilikaa nyumbani na ile grili na wembe. Sisi makarani tulifundishana: unakwangua wino polepole, unapaka sabuni kavu, unang'arisha kwa ukucha. Nilikwangua moja, ikabaki tano. Nikatengeneza na jumla. Orodha ya ukutani nikainakili kutoka pale. Jumatatu cherehani ikaja kwa kigari cha kusukuma. Orpa nilimwambia ni shukrani ya chuo kwa miaka yangu kumi na mitano ya kazi. Alipika kuku. Nilimla.

Nilikuona siku uliyosimama mbele ya orodha. Nilipita na mafaili yangu. Nadhani hata nilikutania.

Grili ilibaki nyumbani ikingoja sahihi ya sita. Mwisho wa Oktoba vita vikaingia, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nilifunga kichwa cha mashini kwa karatasi nzito ya kwanza niliyoishika. Ilivuka nasi Uvira, ziwa, Kigoma, Mbeya, Karonga. Tulipofika Dzaleka sikuwa na karatasi ya patroni, na karatasi kubwa namna ile hapa ni dhahabu. Nikaikata. Mkono, kola, kifua, mgongo. Mama Douce, nusu ya wanawake wa kambi hii wamevaa promosheni ya 1996. Hata blauzi ya Ketsia, iliyokuonyesha nilipo, ilikatwa juu ya alama zako.

Basi siwezi kukuandikia kwamba ulipata tano. Nimejaribu mara nne. Na nikiandika kumi na tano, nitaulizwa nimejuaje. Nikijibu, Nduwayo atasikia, na Cadeau atasikia, na cheo changu cha kurudisha kuku kitakwisha. Ndicho kilichonifunga mdomo. Haikuwa kusahau, ulikuwa woga. Huu ndio ukweli wote, hauna bitana.

Ulipata kumi na tano.

Lwaboshi


Area 25
1 Juni 2001

Papa Lwaboshi,

Nimesoma nikiwa nimekaa.

Kwa miaka mitano batoto wa jirani wakiniletea hesabu za shule nawaambia wamsubiri Dany. Mteja akinunua mandazi kumi na saba nahesabu kwa vidole, ingawa jibu nimeshaliona, kwa sababu nilijiambia kichwa changu ni kichwa cha tano, kisiaminiwe.

Usiniandikie.

M.


Area 25
19 Juni 2001

Papa Lwaboshi,

Nilikuambia usiniandikie. Ni kweli hukuandika. Ulikuja!

Mayi Kachipande ameniita. Nilikwenda nikidhani Jules amekamatwa na jina langu liko kwenye daftari lake. Akaniketisha, akatoa kabatini kitu kilichokunjwa kama shuka. Ameniambia yote, na kwa kuwa wewe hutajisifu wala hutajisema, nakurudishia mimi.

Anasema ulifika kabla ofisi haijafunguliwa, umekumbatia mfuko wa plastiki, tepu ya fundi shingoni, umesahau kuivua. Mlinzi alidhani umekuja kupima sare. Ukatandika kitu chako mezani, vipande vyote vimeshonwa pamoja kwa mashini, Mayi akakuuliza kwa heshima, kama anayemwita baba, "Hiki ni nini, bambo?" Ukamjibu, "Ni blauzi, Mayi. Lakini kabla ya hapo ilikuwa mtihani." Kipande cha mgongo kilikuwa na alama za chaki ya suruali. Anasema ulimweleza, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kwamba ulikuwa umemwazima fundi mwenzako Sindayigaya, na kwamba alikataa kukirudisha mpaka umpe patroni ya kaptula.

Kisha ukamwambia ulichofanya. Kwa jina lako, na la profesa, na cherehani. Mayi alivua miwani akaniambia hivi: "Mama, wanakuja wengi hapa kuniambia fulani ni mzuri. Huyu ni wa kwanza kusafiri ili aniambie yeye mwenyewe ni mbaya."

Alinyanyua ule mkono wa blauzi, akauweka kwenye kioo cha dirisha, akaniita nione. Papa, pale mwanga unapita. Karatasi yote ni nzito, lakini mbele ya ile tano pana kidirisha chembamba, na ukiigeuza nyuma, kalamu yako iliacha mfereji. Moja imesimama pale pale. Wembe wako haukuifikia. Niliigusa kwa kidole. Sikulia ofisini, nililia kwenye minibasi, mtu akanipa muwa.

Mayi alisema hawezi kumwingiza mtu chuoni kwa mkono wa blauzi. Lakini kwa mkono wa blauzi anaweza kumpa mtihani. Nikaufanya Alhamisi, saa tatu nzima, mimi na kipima pembe cha kuazima. Nimepata sabini na mbili kwa mia. Nimegawanya mwenyewe, kwa kichwa, bila vidole: ni kumi na nne na nukta nne kwa ishirini. Kwa hiyo miaka mitano ya mandazi imenila nukta sita tu. Nimehamishiwa sehemu ya hesabu. Naanza Septemba.

Bado nina hasira. Nakuambia ili usidhani nimekuwa malaika. Inakuja asubuhi ninapokanda unga na kuondoka mandazi yanapoisha. Siku za mvua mandazi hayaishi.

Sikiliza adhabu yako. Huko Dzaleka watu themanini na wanne wanangoja mtihani, na kuku bado wanasalimia. Nafasi kumi na mbili, na hakuna serikali ya kukimbilia, si ya kwetu wala ya hapa. Wewe unajua kila mahali alama inapoweza kuingiliwa, maana uliingia mwenyewe. Basi tafuta namna ya kufunga. Na umwambie Nduwayo kabla hajaambiwa na Ketsia, ambaye sasa haivui ile blauzi, anasema ina historia.

Binti yako, mwenye kumi na nne na nukta nne,
Mathilde


Dzaleka
28 Julai 2001

Mama Douce,

Nimechelewa kukujibu, lakini safari hii si kwa woga. Nilikuwa natumikia adhabu.

Nilimwambia Nduwayo Jumapili ya kwanza baada ya barua yako, tena si chumbani, mbele ya kamati yote na walioomba, kanisani, baada ya matangazo. Nilisimama. Niliongea dakika kumi bila mzaha hata mmoja. Sindayigaya anasema ndipo alipojua ni jambo kubwa. Nikaachia cheo, nikawaachia na wazo moja la kufunga majina kwa mashini. Nyuma mtu akasema, "Basi alors, nani atabaki msafi?" Nduwayo akamjibu, "Hatutafuti msafi. Tunatafuta dirisha la mwizi liko wapi, na huyu analijua." Akanigeukia. "Kwenye kamati hautarudi. Kura hauna. Lakini kesho uje na mashini yako."

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Wiki nzima Cadeau alinipakulia nsima akiangalia ukuta. Orpa alikaa siku tatu bila kugusa mashini, nikamwambia basi tuiuze. Akaniangalia kutoka miguuni hadi kwenye upara. "Mashini haikuiba. Uliiba we. Yeye alifanya kazi miaka tano, we unaleta mikosi." Siku ya nne alitia mafuta, akaendelea na marinda.

Sasa nikueleze tulichofanya, na unisahihishe kama kuna mahali pa kuvuja.

Siku ya mtihani kila mmoja aliandika jina lake kwenye kona ya juu ya karatasi, hapo tu. Alipomaliza, alikuja mbele, mimi nimekaa na mashini pale pale mbele ya watu. Nilikunja kona juu ya jina, mara mbili, nikaipitisha chini ya sindano, trrr, pande zote tatu. Jina limelala ndani kama sarafu kwenye pindo. Kisha Nduwayo alichanganya zote kwenye beseni la kufulia, akachukua moja moja akiandika namba kwa nje. Anayetaka kusoma jina lazima akate uzi, na uzi ukikatwa huwezi kuurudishia kwenye matundu yale yale. Nimejaribu mwenyewe jioni mbili, nikiwa mwizi, kwa wembe ule ule wa zamani. Nimeshindwa. Sijawahi kufurahi kushindwa namna hiyo.

Uzi ni mweusi, wa rili moja, kwa wote. Nakuambia hilo kwa sababu Jules naye alikuwa ameomba, akaja kufanya mtihani, yule yule wa kandambili. Aliinama sikioni mwangu na karatasi yake, akasema, "Papa, yangu ushone na nyekundu. Ni rangi ya bahati kwetu." Nikamjibu kwa sauti ya mnada, "Jules anaomba nyekundu!" Kanisa zima likaangua kicheko, mama mmoja akapiga vigelegele. Akacheka na yeye, maskini. Halafu akasema polepole, "Basi shona nyeusi. Kwa kweli hii nimesoma." Nikaona namwamini.

Karatasi zikirudi kutoka kusahihishwa, nyuzi zitakatwa mbele ya watu wote, na kila alama itasomwa kwa sauti papo hapo, kabla haijaingia ofisini kwa karani yeyote mwenye mke anayeshona kwa mkono.

Nduwayo aliuliza nani asahihishe za hesabu, mtu asiyependelea yeyote hapa. Nikasema namjua mmoja aliye na hasira na mimi mpaka siku za mvua. Akasema, "Huyo huyo." Najua alishakuja kwako na ukakubali, ila alirudi akilalamika kwamba ulimpa mandazi, ukamwambia si rushwa, ni kwamba yamepoa.

Basi hizi hapa, themanini na nne. Amezileta Nduwayo mwenyewe. Nyandwi nilimnyima, simshuku yeye, nashuku nyanya zake. Ukizirudisha, usiweke sukari.

Cadeau naye amefanya. Alikuja mbele kama wengine, akanipa karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita akaniangalia usoni. Akasema, "Papa, kaza uzi." Nikakaza. Halafu Nduwayo akaitupa kwenye beseni, akakoroga, na mimi baba yake sijui tena ni ipi. Nimezitazama zote kabla hazijafungwa. Kona themanini na nne, zote nyeusi.

Yake ikiwa ni ya tano, andika tano. Ikiwa ni ya kumi na tano, andika moja kwanza, halafu tano, na ukandamize kalamu, Mama Douce, mpaka ionekane upande wa pili.

Lwaboshi, fundi